Skrubu Tatu za Nyonga: Mjadala wa Mpakani

Ukiingia wodi ya mifupa upande wowote wa mpaka, Busia au Tororo, utawakuta wagonjwa wa aina mbili wenye jeraha moja. Wa kwanza ni kijana wa bodaboda aliyebanwa na trela kwenye foleni ya Malaba. Wa pili ni bibi aliyeteleza uani na ndoo ya maji mkononi. Kijana amevunjwa na nguvu nyingi. Bibi amevunjwa na nguvu kidogo tu, maana mifupa yake imekwisha kuwa myepesi. Lakini palipovunjika ni pale pale: shingo ya fupa la paja, kipande kifupi kinachounganisha kichwa kinachozunguka ndani ya nyonga na fupa refu linaloshuka hadi gotini.

Namna ya kuikaza shingo hiyo ni ugomvi wa zamani kwa madaktari wa mifupa. Mwaka 1931 Marius Smith-Petersen wa Boston alichapisha habari za msumari wake wenye mapezi matatu. Mwaka uliofuata Sven Johansson wa Sweden akautoboa katikati ili upite juu ya waya, na mpaka leo skrubu za nyonga zina tundu hilo. Yaliyobaki yote bado yanabishaniwa: skrubu ngapi, zianzie wapi, zipande kwa pembe gani.

Nimewakalisha mezani watu wanne. DAKTARI ni mpasuaji kijana wa Busia ya Kenya, mwanamke. MZEE ni mpasuaji wa Tororo anayekaribia kustaafu. SISTA ndiye msimamizi wa thieta, na MJUKUU ni mwendesha bodaboda ambaye bibi yake amelala wodini. Wote wanne nimewabuni. Wanayobishania sikuyabuni.

DAKTARI: Mzee, sote tumefundishwa pembetatu iliyopinduliwa. Skrubu tatu zinazokwenda sambamba, moja chini na mbili juu, kwa digrii kama 130 na ushei kutoka kwenye fupa refu. Kwa kijana mwenye mfupa mgumu, sawa. Kwa bibi, pale ubavuni zinapoingilia gamba ni jembamba kama ganda la yai, na ndani ni sponji tupu. Zinashika nini? Orlin Filipov, mpasuaji wa Sofia, alichapisha njia nyingine mwaka 2011.

MZEE: Sofia gani tena? Mimi Sofia ninayoijua ni ile ya Busia ya Uganda, inakopita sukari usiku.

DAKTARI: Sofia ya Bulgaria, Mzee. Yeye anaanzia chini zaidi, sentimita kadhaa chini ya ile nundu kubwa ya paja, ambapo gamba la mfupa ni nene. Skrubu inapanda kwa mwinuko mkali, digrii 150 hadi 165, inalalia gamba la chini la shingo, ndipo inaingia kichwani. Ina mihimili miwili: gamba nene la ubavuni na gamba la chini la shingo. Katika skrubu tatu, mbili zinaegemea hivyo, na hazikai kwenye bapa moja.

MZEE: Binti yangu, hata kwenye pembetatu skrubu ya chini inatakiwa ilalie gamba hilo hilo, na ya nyuma iguse ukuta wa nyuma wa shingo. Aliyeziacha zielee katikati ya sponji asiilaumu pembetatu. Tena nilikatazwa kuanzia chini ya usawa wa nundu ndogo. Ukitoboa pale umeshaonyesha paja mahali pa kukatikia. Mgonjwa unamruhusu anatembea, baada ya wiki kadhaa analetwa kwenye machela, paja limekatika kwenye tundu lako.

DAKTARI: Hofu hiyo ni ya haki. Jibu la Filipov ni kwamba matundu yake ameyaachanisha, hayarundikani sehemu moja, na kwa kuwa skrubu imesimama zaidi, mzigo wa mwili unashuka karibu sambamba nayo badala ya kuikunja. Maabara imempima kwenye mifupa ya maiti, na mpangilio wake ulibeba mzigo mkubwa kuliko pembetatu.

MZEE: Maabara haina bibi anayeamka usiku kwenda choo cha nje.

Hapa niingilie kidogo, kwa sababu wasomaji wengi watajiuliza kwa nini skrubu zinapelekwa sambamba. Mfupa uliovunjika hupona kwa kubanana. Mgonjwa akisimama, uzito wake unasukuma kichwa kuelekea kwenye fupa refu, na skrubu zilizo sambamba zinakiruhusu kiteleze juu yake mpaka vipande vigusane vizuri. Ndiyo maana meno ya skrubu lazima yote yawe ndani ya kichwa, ng'ambo ya ufa. Jino moja likibaki upande wa huku, ufa unashikiliwa wazi na hauungani. Ila kuteleza huko kuna bei yake. Shingo inafupika, vichwa vya skrubu vinachomoza ubavuni chini ya ngozi, na mgonjwa anashindwa kulalia upande ule. Wengine hubaki wanachechemea ingawa eksirei inaonyesha mfupa umeunga.

SISTA: Mimi nina la kuwauliza kabla hamjafika mbali. Hizo digrii 160 mnazipima kwa nini? Juzi kwenye treya nilikuwa na skrubu za milimita 7.3, lakini urefu unaotakiwa kwa watu wengi ulikuwa umekwisha. Zimebaki fupi za watoto na ndefu za majitu. Waya za kuongozea ziko tatu, na moja imepinda kwa sababu imechemshwa na kurudishwa kazini mara zisizohesabika. Daktari akipitisha drili juu ya waya uliopinda, drili inaukata, na kipande kinabaki nyongani. Drili yenyewe ni ile ya mafundi seremala, tumeivalisha gunia la kitambaa kilichochemshwa. Na umeme ukikatika, jenereta inachukua muda wake kuwaka. Muda huo sote tumesimama na mikono juu.

DAKTARI: Njia ya Filipov inadai eksirei ya mkono wa C, Sista, sikatai. Waya unapopanda kwa mwinuko ule, ukikosea kidogo tu unatokea nje ya shingo, mbele au nyuma. Lazima uone picha ya mbele na ya ubavuni papo hapo, drili ikiwa mkononi.

MZEE: Basi tuulizane ni hospitali ngapi za wilaya au kaunti kwenye njia hii zina mashine hiyo, na zenye nayo, ni siku ngapi za mwaka inafanya kazi. Tukishindwa Tororo tunampeleka mgonjwa Mbale, nyinyi mnampeleka Kisumu au Eldoret. Kwa gari la kukodi, juu ya matuta, na nyonga imevunjika.

Swali la mashine ndilo linalogeuza mjadala huu uwe wa kwetu. Filipov anaandika akiwa na picha mbele yake kila sekunde. Mzee amejifunza kazi pasipo picha, na hilo lina ufundi wake ambao haufai kudharauliwa. Nilimwomba aeleze anavyofanya. Alichukua fupa la paja la plastiki, lile la kufundishia, akalishika kwa mkono wa kushoto kichwa kikimwelekea.

MZEE: Nafungua mbele ya nyonga, sioni haya kukata zaidi. Nalaza waya mmoja juu ya shingo, kwa nje, kwenye utando. Huo hauingii mfupani, unanionyesha njia tu. Shingo haiendi moja kwa moja ubavuni, imegeukia mbele digrii kumi hadi kumi na tano. Waya wa nje unanipa mgeuko huo. Halafu natia waya wa pili kutoka ubavuni, nikiulinganisha na wa kwanza kwa jicho. Kidole changu kiko kwenye shingo wakati wote. Waya ukitoboa nje, nitauhisi. Kisha naita eksirei ya kawaida, ya magurudumu. Picha ya kwanza ya mbele. Nageuza mguu, picha ya pili ya ubavuni. Tunasubiri zisafishwe. Zikikubali, natia skrubu. Zikikataa, natoa waya na kuanza upya.

DAKTARI: Kwa njia hiyo pembetatu inawezekana. Ya Filipov sitathubutu.

MZEE: Wala mimi.

SISTA: Wakati zile picha zinasafishwa, jeraha liko wazi. Mniandikie hilo pia.

Wamekubaliana hapo, na mimi nadhani wamekubaliana mapema mno, kwa sababu kuna njia ya tatu ambayo ni rahisi kwa mkono kuliko zote mbili. Nikamrudisha Daktari kwenye DHS, skrubu moja nene yenye bati linalofungwa ubavuni mwa paja.

DAKTARI: Hiyo ilipimwa vizuri sana. Jaribio linaloitwa FAITH, lililochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2017, liliwagawa kwa kura wagonjwa 1,108 wenye miaka 50 na zaidi. Wengine walitiwa DHS, wengine skrubu ndogo. Ndani ya miezi 24 waliorudishwa mezani walikuwa asilimia 20 kwa DHS na asilimia 22 kwa skrubu ndogo. Ni sawasawa. Vichwa vilivyokufa kwa kukosa damu vilikuwa asilimia 9 kwa DHS na 5 kwa skrubu ndogo. Lakini wavuta sigara, na wale ambao vipande vimesogea, na waliovunjika chini kabisa kwenye mzizi wa shingo, walionekana kunufaika na DHS.

MZEE: Wagonjwa hao ni wa wapi?

DAKTARI: Marekani, Kanada, Ulaya, Australia, India.

MZEE: Afrika?

DAKTARI: Hapana.

MZEE: Sikatai hesabu zao. Ila mgonjwa mmoja kati ya watano anarudi mezani, na hao wana mashine, wana skrubu za kila urefu, na mgonjwa analetwa na ambulensi saa ile ile. Sisi anakuja wiki ya tatu, ametoka kwa mwunga mifupa, mguu umefungwa vijiti. Mwaka 2020 walichapisha jaribio jingine, HIP ATTACK, wagonjwa karibu 3,000, wakibishania kama upasuaji ndani ya saa 6 unapunguza vifo kuliko ule wa saa 24. Haukupunguza. Sisi tuko kwenye wiki.

Wiki ni mbaya kwa nyonga kuliko kwa mifupa mingi, na sababu ni damu. Kichwa cha fupa la paja hulishwa zaidi na mishipa midogo inayopanda nyuma ya shingo, imebandikwa juu ya mfupa wenyewe. Shingo ikivunjika na kusogea, mishipa hiyo inapindika au kukatika. Robert Garden aliyapanga majeraha haya kwa madaraja manne mwaka 1961, na madaktari wengi leo hubaki na swali moja tu katika hayo manne: vipande vimesogea au havijasogea? Visiposogea, skrubu zozote zikitiwa kwa uangalifu zina nafasi nzuri. Vikisogea, kazi kubwa ni kuvirudisha mahali pake kabla ya drili kuguswa. Hapo ndipo ninapoona mabingwa wa pembe na digrii wanapotusahaulisha jambo. Mfupa uliorudishwa vibaya hauokolewi na mpangilio wa skrubu, uwe wa pembetatu au wa Filipov.

Na kurudisha vibaya ni rahisi. Picha ya mbele ikionekana safi, thieta nzima inapumua. Picha ya ubavuni ndiyo inayoonyesha kwamba kichwa kimepinda kuelekea nyuma. Lakini ubavuni ni shida kupiga. Mguu mzima unainuliwa, wauguzi wawili wanaushika, filamu inashikiliwa kiunoni, na picha ya kwanza mara nyingi hutoka nyeupe tupu. Wengi huishia kwenye picha ya mbele.

MJUKUU: Samahani, Daktari. Mimi nimewasikiliza. Bibi alianguka Jumapili, akainuka mwenyewe, akatembea karibu wiki nzima anachechemea. Mama akamkanda na maji ya moto. Siku moja akageuka tu kitandani, akapiga kelele, mguu ukalala umetazama nje. Mtu aliyevunjika angetembeaje?

DAKTARI: Angetembea, ndugu yangu. Mara nyingine shingo inavunjika na vipande vinachomekana, havisogei. Maumivu yapo kwenye kinena, wakati mwingine gotini tu, lakini mguu unakanyaga. Siku hizo skrubu tatu zingemtosha, kwa njia ya Mzee au ya Filipov, isingekuwa na tofauti kubwa. Alipogeuka kitandani vipande vikaachana.

MJUKUU: Sasa atatiwa zipi kati ya hizo mnazobishania?

MZEE: Hatatiwa hata moja.

Mjukuu alimtazama Mzee kama mtu aliyepunjwa. Lakini Mzee yuko sahihi. Kwa mtu wa umri mkubwa ambaye shingo imeachana, tena kwa siku nyingi, kutia skrubu ni kucheza bahati nasibu na maisha yake. Kichwa kinatolewa, kinawekwa cha chuma. Austin Moore wa South Carolina na mwenzake Harold Bohlman walimpasua mgonjwa wao wa kwanza wa namna hiyo mwaka 1940, na kichwa kinachobeba jina la Moore kimekuwa kikitumika katika hospitali za Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Si kifaa cha kisasa. Kinaweza kulegea, kinaweza kuuma pajani. Lakini bibi anakanyaga baada ya siku chache, na kwa bibi kukanyaga ndiko kunakomwokoa. Ukimlaza wiki nane, mguu ukivutwa kwa uzito unaoning'inia mwisho wa kitanda, atapata vidonda mgongoni, mapafu yatajaa, na damu itaganda miguuni.

MZEE: Nimewapoteza wengi zaidi kwenye kile kitanda cha kuvutwa kuliko kwenye meza ya upasuaji.

MJUKUU: Na pesa? Kadi ya SHA ni ya mama yangu, yeye ameolewa huku Kenya. Bibi kitambulisho chake ni cha Uganda.

Hakuna aliyejibu haraka, na mimi sikumlaumu yeyote. Jengo la forodha la pamoja lilifunguliwa Busia Februari 2018 na marais wa nchi zote mbili, na trela moja sasa linakaguliwa mara moja badala ya mbili. Mgonjwa hajajengewa dirisha kama hilo. Kenya iliiacha bima ya afya ya NHIF na kuingia SHA Oktoba 2024. Uganda iliondoa ada za hospitali za serikali mwaka 2001, lakini vyuma vya mifupa mara nyingi ndugu huambiwa wavitafute wenyewe. Familia zilizotandaa pande zote mbili, Wasamia, Wateso, zinajua hesabu hii. Zinampeleka mgonjwa palipo na ndugu mwenye kadi, na wiki zinapotea njiani.

SISTA: Si wapo wale wa SIGN wanaogawa misumari bure?

DAKTARI: Wapo, na wanasaidia sana. Lewis Zirkle alianzisha shirika hilo mwaka 1999 kule Richland, jimbo la Washington. Hospitali inapewa misumari, nayo inarudisha picha za eksirei za kila mgonjwa ili wenzao wazikague. Msumari unaingia bila mashine ya C kwa sababu una mkono wa nje unaoonyesha matundu yalipo. Lakini huo ni wa paja lenyewe na wa mguu, na wana kifaa kingine kwa waliovunjika chini ya shingo, kwenye zile nundu. Shingo yenyewe bado inatungoja sisi na waya zetu.

MZEE: Ulipotaja paja umenikumbusha. Vijana wa bodaboda paja linavunjika katikati, kila mtu analitazama paja, linatiwa msumari, na shingo iliyovunjika pamoja nalo haionwi na mtu. Piga picha ya nyonga kila paja linapovunjika. Skrubu nzuri kuliko zote haziwezi kumsaidia mtu ambaye ufa wake haujaonekana.

Nilikuwa nimepanga kuwapigisha kura. Sikuwapigisha, nimekata shauri peke yangu, na wasomaji walio madaktari watanirekebisha. Kwa hospitali ya mpakani isiyo na eksirei ya mkono wa C, pembetatu ya Mzee ndiyo njia ya kufundishwa na kurudiwa mpaka mikono iizoee, ya chini ikilalia gamba, ya nyuma ikigusa ukuta, na hakuna tundu chini ya usawa wa nundu ndogo. Ufa unaosimama wima kwa kijana, au ulio kwenye mzizi wa shingo, upewe DHS na skrubu moja ya ziada ya kuzuia kichwa kisizunguke. Njia ya Filipov naiheshimu, na penye mashine na mpasuaji aliyeijifunza naitaka kwa wazee ambao mfupa haujaachana. Isiigizwe kwa kubahatisha. Na kabla ya skrubu yoyote, pesa za kwanza zinunue waya mpya.

Nawe msomaji ambaye si daktari: mzee akianguka nyumbani kwako kisha akalalamika kinena au goti, hata kama anatembea, usimkande na usimvute mguu. Mlaze, mpeleke siku hiyo hiyo, na mwombe mpiga eksirei picha mbili za nyonga, ya mbele na ya ubavuni.